Wimbo wa Riziki ulitoka mama yake akiwa bado mochwari. Nilichokisikia njiani kwenda Houston

Wakuu, nawasalimu wote, wenye account za zamani na mliojiunga juzi.

Ninayoandika hapa yametokea kweli na mimi nilikuwepo. Majina nimebadilisha kwa sababu baadhi ya wahusika wamo humu wanasoma. Mengine nimeyaacha kama yalivyo, na mwenye msiba mwenyewe ameusoma uzi huu kabla sijaupandisha.

Mods, naomba msiuhamishie jukwaa la dini wala la mahusiano. Ni habari ya muziki hii.

Niko break kazini, nitatuma kwa vipande. Mwenye haraka zake apite tu.

Mimi ni Mtanzania, nesi, naishi Arlington, hapa katikati ya Dallas na Fort Worth. Kabla ya kuhamia huku nilikaa Houston miaka mingi, pale Gulfton, kwenye zile apartment zilizobanana ambako ukipika dagaa jirani wa ghorofa ya juu anakuuliza zimeiva lini.

Tuna group la WhatsApp linaitwa Ijumaa Mpya. Kila Ijumaa nyimbo mpya zinatoka, sisi tunazisikiliza na kutoa maoni. Tunajadili wanaoimba peke yao tu. Bendi tulishajaribu, watu wakagombana kuhusu mpiga gitaa mpaka wengine wakaacha kusalimiana kanisani, tukaona basi.

Admin ni Njoroge, Mkenya wa Plano, mtu wa IT. Wanachama ni mchanganyiko: Wakenya wa Dallas, Watanzania kama mimi, Wakongo wa Fort Worth na Houston. Wengi tunasikiliza tukiwa kwenye gari, maana Texas hata kununua chumvi lazima u-drive.

Mimi kwenye group najulikana kwa ukali, na sijutii.

Mwezi ule dada mmoja wa Nairobi alikuwa ametoa kitu. Sauti anayo, lakini wimbo mzima ananong'ona kama mtu mwenye mtoto mchanga amelala chumba cha pili. Nikasema. Kijana mmoja wa Mwanza naye sauti yake imepitishwa kwenye mashine mpaka hujui anacheka au anaumwa tumbo. Nikasema pia. Na nyimbo zenyewe siku hizi ni fupi mno, unafunga mkanda wa gari, unatoka parking, wimbo umeisha.

Wanaokasirika wanakasirika. Ila nina sheria yangu moja: siandiki neno mpaka nimesikiliza mara tatu. Kwanza kwenye gari, halafu kwa earphones, halafu nikiwa napika. Wimbo ukistahimili kelele za jikoni, huo naupa heshima.

Sasa niwaeleze kuhusu Mama Riziki.

Mama Riziki alikuwa Mkongo wa Uvira. Alikaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa Texas pamoja na mume wake, Papa Riziki, na huyo binti yao Riziki akiwa mdogo. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Mume wake yuko warehouse.

Nilifahamiana naye kanisani. Kanisa lilikuwa la Wakongo, mimi niliingia kwa sababu lilikuwa karibu na niliwasikia wakiomba kwa Kiswahili. Wakaniweka kwenye kwaya, wao wanaita chorale, sauti ya pili, na Mama Riziki akawa kulia kwangu. Tuligombania kila kitu. Mimi nasema kisamvu, yeye anasema sombe, na kila mmoja anaona mwenzake anaiharibu hiyo mboga. Nilipohamia huku tuliendelea kupigiana simu, na sikupata rafiki mwingine kama yeye.

Kiongozi wa chorale alikuwa wifi yake, dada wa Papa Riziki. Kila mtu anamwita Tantine Espe. Mama mwenye heshima zake, mkali, mwenye sikio kwelikweli. Akisimama mbele yenu siku ya mazoezi, wao wanaita repetition, hata wanaume wa besi wanarekebisha kola.

Riziki alikulia kwenye chorale hiyo. Baadaye akaacha, akaanza kuimba peke yake, nyimbo za vijana, pop. Kwenye kanisa lile hilo si jambo dogo. Ukitoka chorale kwenda kuimba nyimbo za dunia hawakufukuzi, lakini unakaa viti vya nyuma, hushiki microphone, na akina mama wanakusalimia kwa ufupi. Riziki alikubali viti vya nyuma.

Mama yake hakusema kitu hadharani. Kwenye simu aliwahi kuniambia binti ana kipaji na Mungu hakosei akigawa vipaji. Basi, aliishia hapo.

(Kuna mkuu hapo chini ameshaandika "fupisha". Kaka, nimesema mwenye haraka apite.)

Jambo la kuelewa, kwa wasioijua kazi hii. Msanii mdogo asiye na kampuni anapakia wimbo wake wiki kadhaa kabla. Anachagua tarehe, anaweka picha, anapanga na matangazo, halafu anasubiri. Siku ikifika kila kitu kinatoka chenyewe. Hakuna mtu anayebonyeza chochote siku hiyo.

Riziki alikuwa amepanga Ijumaa.

Mwanzoni mwa wiki hiyo Mama Riziki alianguka kazini. Pressure. Walimfikisha hospitali hajitambui, na kesho yake akafariki. Nilipopigiwa nilikuwa kwenye zamu, nikaomba niondoke, nikakaa kwenye gari parking bila kuwasha.

Ijumaa asubuhi wimbo ukatoka.

Jina lake Viatu Vyekundu. Picha ya juu ni Riziki anacheka meno yote nje, viatu vyekundu mkononi, na maneno chini yake: nimetoka, njooni tucheze. Na asubuhi hiyohiyo tangazo la msiba lilikuwa linazunguka kwenye magroup, picha ya Mama Riziki na mshumaa pembeni. Kwenye simu yangu picha hizo mbili zilifuatana, mama kisha binti.

Njoroge ndiye aliyeanza. Aliandika: "Guys, mamake hata hajazikwa na huyu anatuambia tucheze. Hii ni disrespect nimeshindwa kuelewa."

Baada ya hapo group lilichafuka.

Mmoja wa Missouri City, pale karibu na Houston, akasema binti anatumia kifo cha mama yake kutafuta views. Mtanzania mwenzangu, nimwache jina, akasema watoto waliokulia Marekani hawana machozi. Mwingine akasema mtoto wa aina hiyo ndiye anayemuua mzazi kwa presha. Hilo lilipigwa vidole gumba vingi kuliko yote.

Tangu lile group lianze sijaona wimbo uliojadiliwa namna ile. Na katika maoni yote hayo hakuna mtu aliyetaja sauti. Hakuna aliyetaja ala wala mashairi. Wimbo wenyewe hawakuugusa.

Wakanitafuta mimi. Mkali wa group, mbona umenyamaza? Nikaandika kwamba sijausikiliza mara tatu. Wakanicheka, wakasema huu hauhitaji hata mara moja.

Mtu, sijui nani, akapiga screenshot ya yote akaituma kwa familia.

Jumamosi nikashika njia kwenda kwenye msiba. Nilipitia barabara ya 287 mpaka Ennis, nikaingia I-45, nikaelekea kusini. Nilipoingia 45 nikauweka wimbo.

Nimeahidi ukweli, nausema. Ni wimbo wa kawaida. Ile ngoma ya kutoka Afrika Kusini ambayo kila mtu anaitumia, kinanda chepesi, ubeti wa pili umejazwa maneno ya kuziba nafasi. Riziki ana sauti nzuri lakini anaiimba kwa woga. Msichana anavaa mbele ya kioo, anataka kwenda kucheza, anamwita mama yake amwangalie alivyopendeza. Kwenye kiitikio kuna sauti ya chini inamjibu, nenda mama nenda, nenda mama nenda. Wakongo binti wanamwita mama kwa mapenzi, hilo mnalijua.

Nikasema moyoni, kama si msiba ningeupa alama za wastani na kumwambia akaze.

Mara ya pili nilikuwa nimeshapita Corsicana. Earphones huwezi kuvaa ukiwa una-drive, kwa hiyo nikapandisha sauti ya gari mpaka vioo vikatetemeka.

Hapo ndipo nikaona kosa. Ile sauti ya chini inachelewa.

Kila kiitikio Riziki anamaliza mstari wake, sauti ile inaingia nyuma kidogo ya mdundo, kisha inakimbia ili iwahi mwisho. Kila mara. Mtu yeyote mwenye laptop analinyoosha hilo upesi tu. Hawakulinyoosha. Nikaanza kukasirika kama kawaida yangu, nikauliza huyu producer ana masikio au ana mapambo.

Halafu nikaitambua.

Wakuu, mimi nimesimama kushoto kwa sauti hiyo miaka yangu yote ya Houston. Nimeisikia kila Jumapili ikichelewa na kukimbia. Nimeona Tantine Espe akiipiga jicho kila Jumapili.

Alikuwa Mama Riziki.

Niliingia rest area, nikaegesha mbali na malori, nikalia kwa sauti. Sijawahi kulia hivyo tangu nifike nchi hii. Nilipopata nguvu nikausikiliza mara ya tatu, gari limezimwa, simu sikioni. Nenda mama, nenda. Ni yeye, na kicheko chake kidogo mwishoni, kile cha kuziba mdomo kwa mkono.

Nikafika Gulfton mchana.

Sisi tunasema msiba, Wakenya matanga, Wakongo kilio, lakini ukifika mlangoni viatu vimejaa vilevile. Sebule ilikuwa imetolewa makochi. Akina mama wamekaa chini kwenye magodoro, wanaimba tenzi taratibu. Wanaume wako nje kwenye ngazi na viti vya plastiki.

Nikamtafuta Riziki kwenye magodoro nimpe pole. Hakuwepo.

Alikuwa jikoni, anaosha vyombo.

Niwaeleze hili vizuri, maana wengine mmezaliwa huku. Kwetu mfiwa hafanyi kazi. Mtoto wa marehemu anakaa na akina mama, anashikwa, analishwa, hata maji anapewa mkononi. Wanaoosha vyombo ni majirani. Kumwacha binti wa marehemu amesimama kwenye sinki, mikono kwenye povu, na watu wanampitishia sahani bila kumtazama, hiyo ni hukumu. Hakuna aliyetamka, lakini kila aliyeingia jikoni aliielewa.

Nikaambiwa na mengine. Papa Riziki hajasema na binti yake tangu Ijumaa. Na siku ya mazishi neno la mtoto litasomwa na binamu. Tantine Espe ndiye alipanga. Yaani Riziki, mtoto pekee, angemzika mama yake akiwa amesimama huko nyuma na watu baki.

Nikamshika mkono nikamtoa nje, tukaenda kusimama upande wa mashine za kufulia. Povu bado liko kwenye mikono yake.

Akaniambia alisahau. Tangu hospitali hakukumbuka kama kuna wimbo duniani. Ijumaa aliamshwa na simu inavyolia, akadhani ni watu wa pole, akafungua akakuta screenshot. Siku hiyohiyo akaandika kwa wasambazaji waufute. Wakamjibu inachukua siku kadhaa.

Nikamwambia nimesikia sauti ya pili.

Akaanza kulia, na mimi nikamshika.

Akanieleza. Walirekodi kwenye closet ya mama yake, katikati ya vitenge, kwa sababu nyumba nzima ni kelele na nguo zinanyonya mwangwi. Alikuwa anaimba mwenyewe, mama yake akaja kuchukua kitambaa, akasimama, akaanza kumjibu kwa utani tu. Riziki akamwambia rudia, Mama, narekodi. Akarudia. Walicheka mpaka baba akagonga ukuta.

Mama alikubali sauti ibaki kwa sharti moja, jina lake lisiandikwe popote. Tantine asijue. Alikuwa bado yuko kwenye chorale na hakutaka viti vya nyuma.

Nikamuuliza sasa mbona hukusema, watu wanakutukana hivi na jibu unalo?

"If I say it, they'll start on her, Auntie. Watamsema Mama akiwa kwenye sanduku. Mimi waniseme tu, ni sawa."

Wakuu, nimekaa na wagonjwa, nimekaa na wafiwa, nimesikia watu wakisema mengi. Hilo sikuwahi kulisikia. Mtoto huyu alikuwa anajua ameshapoteza nafasi ya kumzika mama yake kama mtoto, na alikuwa amekubali ili jina la mama lisiguswe.

Nikamwambia mimi sitatamka. Lakini baba yako ameusikia? Akasema hapana, aliambiwa tu. Nikamuuliza naweza kumpigia huo wimbo?

Akasema: "Play it. Usimwambie kitu. If he hears her, he hears her."

Nikamwendea Papa Riziki kwenye ngazi. Alikuwa amekaa na kaptula ya kazini na shati la mtu mwingine, kama mtu aliyevalishwa. Nikampa pole, nikamwomba anisindikize nikanunue barafu na maji. Kwenye kilio nyimbo za dunia hazipigwi, kwa hiyo gari langu ndilo lilikuwa nafasi pekee.

Sikupanga kwamba Tantine Espe atakuja. Aliona kaka yake anaondoka, akasema hawezi kumwacha atembee peke yake, akafungua mlango wa nyuma akakaa. Nilitamani kuahirisha. Halafu nikaona nikiahirisha sitarudia tena.

Hatukutoka hata parking. Niliwasha AC, nikamuuliza Papa Riziki kama ameusikiliza wimbo wa mtoto wake. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hapana, na hana haja.

Nikamwambia mimi nilikuwa rafiki wa mke wake, nimetoka mbali, nakuomba kitu kimoja tu, usikilize mpaka mwisho kisha unifukuze.

Nikaubonyeza.

Ngoma ilipoanza Tantine alisonya nyuma yangu. Papa Riziki aliangalia dirisha. Kiitikio cha kwanza kikapita. Ubeti wa pili, ule niliousema vibaya, ukapita. Kikaja kiitikio tena, ile sauti ikachelewa, ikakimbia.

Papa Riziki akanyanyua mkono.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Nenda mama, nenda. Akaweka kiganja kwenye dashboard, pale spika inapotetemesha plastiki, akakiacha hapo. Nikarudisha tena bila kuambiwa.

"Anachelewaka," akasema. "Siku zote anachelewaka kuingia."

Akaanza kucheka. Kicheko kikamgeukia, akainamisha kichwa kwenye magoti, mabega yakawa yanaruka. Miaka yote niliyomjua sijawahi kumwona hata macho mekundu.

Nilikuwa naogopa kutazama nyuma. Wakuu, yule mama alikuwa ameisikia sauti ile kila Jumapili kwa miaka, hakuna mtu duniani aliyeijua kuliko yeye baada ya mume. Kama kulikuwa na mtu wa kusimama kanisani na kusema marehemu alikuwa anaimba pop kwa siri, ni yeye.

Tantine Espe alisema jambo moja. "Nilimufundisha kuhesabu. Kila repetition nilimufundisha."

Akafungua mlango akatoka. Wimbo haukuwa umeisha.

Tukamfuata. Alipita katikati ya akina mama, akaingia jikoni, akasimama nyuma ya Riziki. Akamwondolea sahani mkononi. Akavua saa yake, akaiweka dirishani, akaanza kuosha mwenyewe.

"Enda ukae na bamama," akamwambia, bila kugeuka. "Hapa si pako."

Riziki hakuelewa. Mimi ndiye niliyemshika nikampeleka kwenye magodoro. Akina mama wakasogea. Mmoja akampa maji mkononi. Baada ya kitambo baba yake akaingia na viatu vyake miguuni, kitu ambacho hakuna mtu anafanya pale, akapiga magoti mbele yake akamshika kichwa.

Hakuna aliyeeleza chochote. Na kwa wanaotaka kujua: mpaka leo Tantine Espe hajasema kanisani, na mimi sijamuuliza kwa nini.

Mazishi yakafanyika Jumamosi iliyofuata. Riziki ndiye aliyesema neno la mtoto. Aliongea Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, akachanganya na English pale alipokwama, akashukuru watu, akasema mama yake alikuwa anamtazama kila akivaa. Binamu alikaa kwenye kiti chake.

Baadaye tukaenda ukumbini kula. Kijana mmoja alikuwa kwenye spika anapiga nyimbo za kanisa. Papa Riziki akasimama, akachukua microphone, akasema ana ombi. Mtoto wake ametoa wimbo, watu wameusema sana, yeye anaomba upigwe hapa mbele ya wote, kisha watu waendelee kula.

Niliangalia meza ya Tantine Espe. Hakupinga.

Njoroge alikuwepo, alikuwa amekuja na Wakenya wengine wa Dallas kwa van. Nilimwona anatazama meza.

Yule kijana wa spika akatafuta kwenye simu. Akaandika jina upya. Papa Riziki amesimama na microphone, anasubiri. Kijana akainua kichwa, akasema hauonekani, unasema haupatikani.

Ulikuwa umeshafutwa. Lile ombi alilotuma Riziki Ijumaa ile, akiwa amelala na screenshot zetu mkononi, lilikuwa limekamilika.

Riziki akamwendea baba yake, akamshika mkono, akamnong'oneza. Papa Riziki akarudisha microphone, akaomba radhi, akakaa. Watu wakarudi kula kwa sauti ndogo.

Nilidhani Riziki hana file la wimbo. Baadaye akaniambia alikuwa nalo kwenye simu yake, kwenye pochi, wakati wote ule.

Wiki iliyofuata niliandika maoni yangu kwenye Ijumaa Mpya. Riziki aliniruhusu, alisema mama ameshazikwa kwa heshima yake, sasa sema. Nikaandika kuhusu ngoma, kinanda, ubeti wa pili, woga kwenye sauti. Halafu nikaandika kuhusu sauti ya pili ni ya nani.

Kesho yake pole zikaanza kuja. Wengine walifuta walichoandika kimyakimya. Mmoja akasema vyovyote vile timing haikuwa nzuri, na huyo sikumjibu kwa sababu nina kazi yangu naipenda.

Njoroge alinipigia. Alikuwa ameumia, nitamtendea haki kusema hivyo. Akaniomba nimwambie Riziki aupandishe tena, atausambaza yeye mwenyewe kila group la Wakenya Texas nzima, na watu wataupenda, ataona.

Nikampigia Riziki nikampa ujumbe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"No, Auntie. They already reviewed it."

Hajatoa wimbo mwingine mpaka leo. Nikimuuliza anasema yuko busy na shule. Baba yake ana nakala kwenye simu, anaisikiliza kwenye gari akienda warehouse, na ameniambia hajampa mtu.

Somo nililopata si gumu. Msanii anayeimba peke yake hana bendi ya kujificha nyuma yake, maneno yote yanamfikia yeye. Kabla hujaandika, sikiliza. Na ukishasikiliza, sikiliza tena, maana mimi mwenyewe mara ya kwanza sikumsikia rafiki yangu, na nilisimama naye miaka.

Screenshot zetu bado zinazunguka. Mwezi uliopita mtu wa Uvira kabisa alimtumia Papa Riziki, anamuuliza kama ni kweli. Wimbo wenyewe ukiutafuta unaambiwa haupatikani.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nisemeni mimi, msemeni Njoroge, msemeni Tantine, mna haki.

Kuhusu wimbo naomba msiseme kitu. Hamjausikia, na hamtausikia.